Pua ya Bi Deolinda

Bi Deolinda Moutinho alikuwa na miaka sabini na mitatu, na kwa miaka thelathini na moja alikula mchana wa kila Jumamosi kwenye mkahawa wa Adérito. Mkahawa wenyewe uko nyuma ya bandari ya Matosinhos, huko Ureno, mtaa wa pili kutoka kwenye maghala. Hakuna bahari ya kutazama pale wala mishumaa mezani. Meza zinatandikwa karatasi, jiko la mkaa liko nje kando ya njia, na moshi wake huwasindikiza wapita njia hadi kona. Watu wa mtaani huenda pale kula.

Ukiingia, mkono wa kulia iko meza ya barafu ambako samaki wa siku hiyo wamelazwa. Mteja humwonyesha wake kwa kidole, naye Adérito humchukua, akampeleka motoni. Lakini siku ya Jumamosi hakuna aliyenyoosha kidole kabla ya Bi Deolinda. Alifika na mkoba wake mweusi, akainama juu ya barafu, akafunua shavu la huyu, akabonyeza tumbo la yule, akasogeza pua, kisha akasema, "Huyu." Au akasema, "Yule mrudishe kwa mamaye." Hapo ndipo wengine walipoanza kuagiza, na waliagiza alichoagiza yeye. Samaki aliyekataliwa na Bi Deolinda, Adérito hakumuuza.

Heshima hiyo hakuiokota njiani. Aliingia kiwanda cha sadini akiwa na miaka kumi na mitatu, enzi zile king'ora kilipolia kila mashua zilipotia nanga, saa yoyote ile, na wanawake wakatoka mbio wakifunga aproni njiani. Wiki yake ya pili kasha moja lilipita mbele yake, akasema wale ni wa jana. Nyapara alimtukana vizuri sana, akamuuliza kama amekuja kufanya kazi au kufundisha. Kisha akachukua sadini mmoja, akampasua tumbo, akalirudisha kasha lote. Kuanzia siku hiyo Deolinda alisimamishwa mwanzo wa meza ili makasha yote yapite kwanza chini ya pua yake, na pale alisimama miaka thelathini na minane, mpaka kiwanda kilipofungwa. Wenzake walikata vichwa na kupanga makopo, mikono imechanika kwa chumvi. Yeye alinusa. Walimwonea wivu, wakamwita Pua, na jina likamganda. Aliolewa, akazaa mtoto mmoja ambaye sasa yuko Luxembourg, akafiwa na mume. Lakini ukimuuliza mtu wa mtaa ule Bi Deolinda ni nani, hataanza na mume wala mtoto.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa Februari alishikwa na mafua makali, akalala wiki mbili. Alipoinuka, pua haikuinuka naye. Aligundua siku jirani alipougonga mlango akipiga kelele kwamba kuna kitu kinaungua. Yalikuwa maziwa, na Bi Deolinda alikuwa amekaa jikoni hapo hapo, hatua tatu kutoka kwenye sufuria, anafuma soksi. Daktari alimwambia huenda harufu zikarudi na huenda zisirudi, ila kwa umri wake asizingojee sana. Hakumwambia mtu. Aliogopa, na mimi simlaumu kwa kuogopa: bila pua alikuwa ajuza mmoja mwenye mkoba mweusi, na Matosinhos wamejaa tele.

Kwa hiyo akadanganya. Kwa samaki haikuwa kazi kubwa. Jicho likizama au wekundu wa shavu ukififia, hata mjinga ataona, na kidole kilichoshika sadini miaka yote ile hakihitaji msaada. Aliinama, akavuta pumzi ya bure, akasema "Huyu," na Jumamosi kumi na saba zikapita bila kosa hata moja. Chakula chenyewe kilikuwa chumvi na joto tu mdomoni. Alikimaliza, akafuta sahani kwa mkate, akamsifu mpishi.

Jumamosi ya kumi na nane kulikuwa na ubatizo. Albertina, aliyefanya naye kazi kiwandani, alikuwa amebatiza mjukuu, na alikuwa ameshika meza ndefu ya watu kumi na wanne. Alitaka kombe za baharini, zile za magamba mawili, zilizochemshwa kwa kitunguu saumu na dhania, sufuria nzima, za kuanzia kabla ya samaki. Muuzaji wa siku zote wa Adérito alikuwa hospitali, hivyo kombe zikaletwa na mgeni: Vânia, mwanamke wa miaka thelathini hivi, anayezichimba mwenyewe na mama yake kwenye matope ya Aveiro maji yakipwa. Aliingia na mabeseni mawili, buti za mpira bado miguuni.

Adérito akatwaa beseni moja, akaliweka mbele ya Bi Deolinda, juu ya karatasi ya meza.

"Bi Linda, hizi za mgeni. Nipe neno lako, leo tuna mtoto wa ubatizo hapa."

"Mtoto mwenyewe hana jino," alisema Norberto, kinyozi mstaafu aliyekula meza ya pili kila Jumamosi. "Sisi wenye meno ndio tunaokufa njaa. Fanya haraka, Pua, nimekula zeituni hadi nataka kutafuna kokwa."

"Mwache anuse," Albertina akamkemea kutoka meza ndefu. "Linda akisema ndiyo, tunakula."

Bi Deolinda akatazama ndani ya beseni. Kombe haina jicho wala shavu. Zilikuwa zimefunga, zinang'aa, zote sawasawa. Ile iliyokufa ikajaa tope hufunga vizuri kuliko iliyo hai, na moja tu ikipasukia sufuriani imeharibu zote na matumbo ya meza nzima. Kinachoijua ni pua peke yake. Akainama. Alihisi ubaridi wa maji usoni, basi. Akavuta pumzi tena, kwa nguvu zaidi, na hakupata hata kile kivuli cha harufu alichokuwa akijidanganya kwamba anakipata baadhi ya asubuhi.

Adérito alikuwa amesimama na koleo lake mkononi.

Akisema nzuri na zikawa mbovu, watu wangeugua. Akisema mbovu, hakuna atakayeugua, na hakuna atakayejua. Alipima hivyo haraka haraka, na akajiona ana busara.

"Tupa," alisema.

"Nitupe nini, mama?" Vânia aliruka. "Kombe hizi nimechimba jana, zimelala kwenye maji safi usiku kucha!"

"Umesikia alichosema," Adérito alimwambia. "Beba mabeseni yako. Na usirudi tena hapa."

"Jirani yako amechukua matatu sasa hivi, hakulalamika. Kwake utasema nini?"

"Nitamwambia alichosema Bi Deolinda."

Vânia akatazama mlangoni. Alikuwa mgeni, lakini hakuwa mjinga. Mikahawa ya mtaa ule inasikilizana, na kabla ya jioni hakungekuwa na mlango hata mmoja wa kumfungulia.

Zulmira, mke wa Adérito ambaye ndiye mpishi, alitoka jikoni akifuta mikono. Aliposikia kilichosemwa akaingiza uso wote beseni.

"Adérito, una wazimu? Hizi zinanukia bahari tupu."

"Rudi jikoni, Zulmira. Unataka kushindana pua na Bi Linda?"

Zulmira akamtazama Bi Deolinda. Akanusa tena, polepole, akakunja uso. "Sijui," alisema. "Labda mimi ndiye nina mafua."

Pale Bi Deolinda alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Lakini bado hakusema kitu, nami sitamsetiri kwa hilo. Alichukua kipande cha mkate, akakiweka chini. Kisha akaona Vânia anainama juu ya beseni lake mwenyewe. Vânia alinusa, akanusa tena, akainua uso, na ilikuwa wazi kwamba hajui tena anachokisikia. Mikono ile ilikuwa imezitoa kombe topeni moja moja, na sasa haikuziamini.

"Basi," Bi Deolinda akasema. "Acheni. Mimi sisikii harufu yoyote."

"Hakuna harufu mbaya, au?" Adérito aliuliza.

"Hakuna harufu ya kitu chochote, mwanangu. Pua yangu imekufa tangu Februari. Kombe hizo sijui kama ni nzuri au mbovu. Zulmira anajua. Mwulizeni yeye."

Nje, mafuta ya samaki yalidondokea mkaa na hakuna aliyekwenda kumgeuza.

"Ngoja kwanza," alisema Norberto. "Yule changu niliyekula Pasaka?"

"Nilimtazama."

"Ulimtazama tu!"

"Na nikambonyeza."

Mtu mmoja wa meza ndefu akacheka, akanyamazishwa kwa kiwiko. Albertina hakucheka. "Linda, miaka yote tumesimama meza moja. Ulishindwa kuniambia hata mimi?"

"Wewe ndiye wa kwanza niliyeogopa kukuambia."

Adérito alikuwa bado na koleo mkononi. "Miezi minne," alisema. "Miezi minne nawaambia wateja, kuleni, Bi Deolinda ameshanusa." Akaligeukia beseni. "Zulmira?"

Zulmira akainama mara ya tatu. "Nzuri," alisema. "Nilisema nzuri tangu mwanzo." Akalibeba jikoni mwenyewe.

Bi Deolinda akasimama, akamwendea Vânia, akamnyooshea mkono. "Nisamehe, mwanangu."

"Ungenimaliza, mama," Vânia alijibu. "Ungenimaliza, na ningeondoka hapa naamini kosa ni langu." Aliuacha mkono wa mwanamke mzee hewani, akatoka kwenda kuwasha gari.

Kombe zikapikwa. Watu kumi na wanne walikula, wakachovya mkate kwenye mchuzi hadi sufuria ikabaki nyeupe, na hakuna aliyeugua siku ile wala ya pili yake. Albertina alimpelekea Bi Deolinda bakuli dogo. Alizila zote. Zilikuwa na chumvi.

Wiki iliyofuata aliwaza kubaki nyumbani. Ijumaa alikuwa ameshakata shauri kabisa, akanunua mayai. Jumamosi saa saba alichukua mkoba wake, akaenda, kwa sababu miguu ilikuwa imezoea na kwa sababu kula mayai peke yako mchana wa Jumamosi ni adhabu kubwa kuliko aibu.

Kwenye meza ya barafu kulikuwa na kelele. Watu walinyoosha vidole ovyo, kila mmoja na wake, mmoja akamkataa samaki mzuri kabisa kwa sababu hakupenda mdomo wake. Zulmira alisimama hapo na aproni safi, watu wakimuuliza hiki na kile. Alipomwona Bi Deolinda akaona haya, akajifanya anapanga barafu. Norberto alimsalimia bila kumwita Pua. Alimwita Bi Deolinda, kamili, kama mtu anayejulishwa kwa mgeni, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Akaketi. Adérito akaja na kijitabu chake cha kuandikia.

"Utakula nini leo, Bi Linda?"

Hakuwahi kumuuliza hivyo. Bi Deolinda akatazama barafu juu ya mabega ya watu. Kutoka pale alipoketi aliona mikia tu.

"Sadini," alisema.

"Sita?"

"Sita."

Adérito akaandika, akageuka. Alikuwa ameshapiga hatua mbili aliposikia anaitwa tena.

"Adérito. Ni wa leo?"

Alisimama. Swali hilo huulizwa kila siku ya Mungu na kila anayevuka kizingiti chake, na hulijibu bila kuinua macho. Sasa aliinua macho.

"Wa leo, mama," alisema.

Bi Deolinda akaitikia kwa kichwa. Kutoka pale mezani hakuwa na njia ya kujua. Akakata mkate, akangoja aletewe.