Nywele Nilizozisubiri Miaka Kumi na Moja

Naomba jina langu lisionekane, maana Sumbawanga ni ndogo. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne. Naishi Chanji kwa shangazi, najifunza ususi kwenye saluni yake.

Tangu darasa la kwanza shuleni tulinyolewa wote, kwa hiyo hakuna aliyejua, hata mimi. Tulipomaliza mtihani wa mwisho tuliahidiana kukutana baada ya miezi minane tukiwa tumesuka. Wenzangu walisuka. Mimi ziliota pembeni tu, utosini pakabaki panang'aa kama kwa baba. Shangazi alinipitishia kitana, akasema, "Mwanangu, hapa nitashika nini?"

Nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Alisema hali hii ni ya ukoo, sijarogwa. Akanipa dawa ya maji ya kupaka kila siku kwa miezi mingi. "Dawa ipo," alisema, "ugumu ni kuifikisha kwenye mizizi. Ngozi ya kichwa haipitishi kirahisi." Akanieleza kuwa wataalamu wanajaribu plasta yenye visindano vifupi kuliko punje ya ulezi, vinavyoyeyuka ndani ya ngozi na kuiacha dawa humo humo. Nikamuuliza kama huku ipo. "Bado, binti yangu. Wewe paka hii, iguse ngozi yenyewe."

Nikakosea. Niliona haya chupa ionekane, nikaimimina kwenye kopo langu la mafuta ya nywele. Miezi minne najipaka. Niliporudi, daktari akasikitika: dawa ilikuwa imebaki kwenye mafuta, ngozini haikufika. Nianze upya.

Jumamosi saluni ilijaa. Nikamsogelea mteja na kitana, akaruka. "Wee, usinishike, usije ukaniambukiza! Fundi mwenyewe kichwa uwanja wa ndege!" Watu wakacheka. Nikamwangalia shangazi anitetee. Na yeye alikuwa anacheka.

Jioni akaniambia, "Wateja wanakukimbia. Pasaka ikifika sijaona nywele, rudi Kasense ukalime na baba yako." Nilijaribu wigi, linaniwasha mpaka nalia.

Basi nikaagiza kwa siri kirola kinachouzwa mtandaoni, kigurudumu chenye visindano vya kutoboa ngozi ya kichwa. Muuzaji anasema, "Kipitishe mpaka damu itoke, umwagie dawa hapo hapo." Daktari alishanikataza kujitoboa: naweza kupata vidonda, na dawa ikaingia mwilini kupita kiasi hadi moyo uende mbio. Kiko chini ya godoro, sijakifungua.

Leo asubuhi shangazi amenipa kichwa chake nimsuke. Nimemsuka mtindo wa twende kilioni, mistari imenyooka. Akajitazama kwenye kioo akasema, "Mikono unayo, mwanangu." Nikasubiri aseme nibaki, yeye akaenda kufungua mlango wa saluni. Nilitaka kumuuliza kama mikono haitoshi, nikaishia kufagia sakafu.

Dada zangu na mama zangu mnaosoma, nikifungue kile kirola ili niwahi Pasaka? Au nianze dawa upya, polepole, hata kama nitaimalizia shambani Kasense? Naombeni mnijibu, ila msinicheke. Nimeshachekwa na niliyemtegemea.