Jongoo wa Chupa ya Saba

Siku ya kwanza kazini, katika maabara ya mbung'o pale Arua, Mkuu wa Maabara aliniambia, "Binti, utanisaidia kazi ya jongoo." Kesho yake nikamletea kopo zima la jongoo, niliowaokota kwetu Pajulu alfajiri. Akachungulia, akarudi nyuma.

"Nini hiki?"

"Jongoo ndiyo hii, Mzee. Kwetu iko mingi sana."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe alitaka jongoo bahari, mnyama mnene, laini, asiye na miguu ya kuhesabika, alalaye juu ya mchanga chini ya maji. Serikali ilimlipa Mkuu kwa ajili ya mbung'o waletao malale, lakini moyo wake aliuacha pwani alikozaliwa. Alikuwa amekuja na chupa kumi na mbili za spiriti, na ndani yake vipande vya viungo vya uzazi vya jongoo bahari wa aina mbili.

Basi, mchana kazi ya mbung'o ikiisha, tuliingia baharini. Unakata kipande kidogo kuliko punje ya mchele, unakiweka juu ya kioo, unadondosha rangi ya zambarau iliyochanganywa na siki, unafunika kwa kioo chembamba na kukandamiza kwa dole gumba. Ukitikisa, umeharibu. Kisha unainamia hadubini, na polepole zinatokea kromosomu, vile vijiti vinavyobeba urithi wa mama na baba, zimetawanyika kama simsim kwenye mkeka. Nilizihesabu, nikazichora, nikazikata kwa mkasi na kuzipanga kutoka ndefu hadi fupi. Harufu ya siki, joto la mabati, duara lile la mwanga: mara nyingi nilisahau kama niko Arua. Nilidhani bahari nzima ni zambarau.

Mkuu alitaka kuchora ramani ya kromosomu za aina zote mbili, aone ni wapi zilipoachana. "Lebo ziandikwe kwa penseli tu," alirudia kila siku. Yeye mwenyewe aliandika kitabu chake kikubwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa kifalme, nami nikachora pembeni kwa penseli.

Baadaye nilihamishiwa kituo kidogo cha Koboko, na chupa nikapewa nizitunze. Chupa ya saba na ya nane, alizoziweka kwa ajili ya ramani yake, moja ya kila aina, zilikuwa zinavuja. Nikahamishia vipande katika chupa mpya. Shuleni, masista wa misheni ya Ediofe walikuwa wamenisifia mwandiko hadi nikavimba kichwa. Nikaandika lebo kwa kalamu ya wino, zipendeze, nikazitumbukiza ndani. Baada ya juma moja spiriti ilikuwa buluu na lebo nyeupe pe. Vipande vilifanana. Nikapima chini ya hadubini, hesabu ya kromosomu ikawa moja kwa aina zote mbili. Niliogopa, nikalia.

Ningeweza kubahatisha. Lakini mficha uchi hazai. Mkuu alipokuja, nikampa chupa.

"Ya saba ni ipi?"

"Mimi hapana jua, Mzee. Niliandika na wino."

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Mutu moja tu. Mimi."

Aliinua chupa kwenye mwanga. "Ungeandika lolote, ningeamini," alisema. Kisha akafungua kitabu chake, akanipa penseli. "Andika: sijui." Ramani yake aliikunja siku ile, na sikuiona tena. Iliniuma kuliko kama angenifukuza.

Vita vilipofika mwaka wa sabini na tisa, Mkuu alikuwa ameshaondoka, ameniachia kitabu chake. Tulikimbilia Sudan. Kwenye kivuko cha mto niliteleza, kitabu kikazama nami. Nilikianika juu ya mawe ng'ambo. Kurasa zote za Mkuu zilikuwa buluu tupu. Michoro yangu ya penseli pembeni ilisomeka yote.

Nilirudi, nikapima damu za wagonjwa wa malale mpaka nikastaafu. Vijana niliowafundisha walinitania kwa jina la Mama Penseli. Kitabu bado ninacho. Mstari unaosomeka vizuri kuliko yote ni huu: "Chupa ya saba na ya nane: sijui."

Bahari sijaiona mpaka leo. Wajukuu huniuliza ikoje. Huwajibu kwa neno lile la Mkuu, na sioni aibu.