Chungu cha Matundu cha Damari

Damari hakuwa mtu wa kubembeleza wateja. Ukimwendea kwenye kibanda chake pale Sokomatola, mjini Mbeya, kwanza alikutazama mikono, kuona kama ni ya mtu anayevunja vitu. Kisha alijaza maji kwenye chungu ulichochagua, akakiweka juu ya jiwe kavu, akaendelea na shughuli zake. Mlikaa hivyo, wewe na chungu, mpaka aridhike kwamba jiwe halijalowa. Likilowa hata kidogo, alikipasua hapo hapo na vigae akavitupa kwenye rundo nyuma ya nyumba. Hakukuomba radhi kwa kukupotezea muda. Mimi alinipotezea asubuhi nzima mara mbili, na mara zote mbili niliondoka nimenuna. Lakini nilirudi, na wengine walirudi, kwa sababu vyungu vyake havikuvuja.

Alitoka Ikombe, kandoni mwa Ziwa Nyasa, kwa Wakisi, ambako mwanamke asiyejua kufinyanga huulizwa amelelewa na nani. Mumewe Yotamu alipopata kazi ya kutengeneza barabara Mbeya, Damari alimfuata akiwa na kokoto yake ya kulainishia na kipande cha kibuyu, akasema udongo atautafuta huko huko. Aliutafuta siku nyingi. Kila udongo aliuonja kwa ulimi, akautema, akasema huo ni wa kukandikia nyumba. Mwisho aliupata kwenye kibonde fulani, na hakumwonyesha mtu.

Watu walidhani ni kazi ya Yotamu iliyowaleta mjini. Sivyo. Walikuwa na binti mmoja, Sekela, msichana mdogo mwenye meno yake yote ya utotoni, akafa kwa surua. Katika ukoo wa Damari mtu akizikwa, chungu chake huwekwa kaburini upande wa kichwa, na kabla ya kuwekwa hutobolewa tundu chini, ili ijulikane kwamba hakitateka maji tena. Cha mtoto hutobolewa na mama yake. Damari alikitoboa cha Sekela, kidogo cha kunywea, kwa msumari. Baada ya hapo hakutaka tena kuliona ziwa. Haya nilielezwa na Yotamu, tena miaka mingi baadaye. Damari mwenyewe hakuwahi kuyazungumza nasi, na kwa ulimi aliokuwa nao, kunyamazia jambo kulimaanisha kwamba linamuuma sana.

Mwaka wa hamsini na mbili, kiangazi kikielekea ukingoni, alikuja kibandani mke wa Vallabhdas, yule Mhindi mwenye duka la vitambaa. Jina lake Jamna. Alizaliwa Iringa, akalelewa na yaya wa Kihehe, kwa hiyo alisalimia “Kamwene” na Kiswahili chake kilikuwa cha Iringa hasa. Damari akamwambia yeye si Mhehe. Jamna akacheka, akaketi kwa shida, maana alikuwa na mimba kubwa, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na vigae.

Alieleza kwamba ni vya chungu kilichoagizwa kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya sikukuu yao ya Mama Amba, mungu wao wa kike, ambayo huchezwa usiku tisa. Kilisafiri salama mpaka Ruaha Mbuyuni, dereva akapakia magunia ya vitunguu, na kwenye kupanda mlima wa Kitonga vitunguu vikakilalia. Jamna alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mbili. Mama mkwe wake alikuwa ameweka nadhiri: hii ya tatu ikishika, nyumba yao itamchezea Mama usiku zote tisa, na chungu chake katikati. Sasa mimba ilikuwa imeshika, na chungu hakipo.

Damari akachukua kigae, akakigonga kwa ukucha, akasema udongo mzuri ila moto wamebania. Ndipo akaona matundu. Akauliza yametoka wapi. Jamna akasema ndivyo kinavyotakiwa kiwe, matundu pande zote. Damari akalitazama tumbo la Jamna, akarudisha kigae kwenye kitambaa, akasema hatengenezi.

Hakusema kwa nini. Asingeweza. Mwanamke mjamzito hatajiwi kaburi, na kumpa chungu kilichotobolewa, kwa jinsi Damari alivyoona, ilikuwa ni kumchimbia mtoto shimo kabla hajazaliwa. Kesho yake Vallabhdas akaja mwenyewe na doti ya khanga. Damari akaisifu rangi, akamrudishia.

Habari zilifika kanisani zikiwa zimevaa nguo nyingine. Mzee wa kanisa, Fanueli, mtu mwema aliyependa sana kusikika, alisimama Jumapili akatangaza kwamba dada yetu Damari amekataa kuwafinyangia wapagani sanamu, na wote tuige imani yake. Sisi tukageuka kumtazama. Yotamu alifurahi, kwa kuwa tulipotoka watu walimpa mkono. Damari alikasirika. Hakuna mtu aliyemtajia sanamu yoyote, na yeye hakupenda kusifiwa kwa chungu ambacho hakukifinyanga.

Jamna alirudi peke yake, zikiwa zimebaki siku chache sikukuu ianze. Alidhani Damari amekataa kwa ajili ya dini, kama Fanueli alivyodhani, kwa hiyo aliona heri amsimulie chungu ni cha nini, kisha aamue. Damari akaendelea kukanda udongo. Hakumfukuza.

Jamna akasimulia kwamba zamani palikuwa na jitu, nusu mtu nusu nyati, jina lake Mahisha. Alifunga kula, akajitesa miaka na miaka, mpaka Mungu muumba akamuuliza anataka nini. Akaomba asiuawe na mwanamume yeyote, awe mtu au mungu. Wanawake hakuwataja, maana aliwaona si wa kutajwa. Akapewa. Akapanda mbinguni, akawatimua miungu wote, akakalia viti vyao. Miungu walikasirika mpaka nyuso zao zikatoa moto, mioto hiyo ikaungana ikawa mwanamke, naye ndiye Mama. Kila mmoja akampa silaha yake, na mlima ukampa simba wa kupanda. Akapigana na Mahisha usiku tisa. Mahisha akageuka simba, akageuka tembo, akarudi kuwa nyati, na kulipokucha siku ya kumi Mama akamkanyaga shingo akamkata kichwa. Jamna akaongeza kwamba bibi yake wa Iringa alikuwa na maelezo mengine: kwamba mfalme Rama ndiye aliyeanzisha siku hizo tisa, alipomwomba Mama nguvu za kwenda kumkomboa mkewe aliyeibwa. Wazee wao walibishana, ila kucheza walicheza pamoja.

Hadithi ya mfalme haikumgusa Damari. Ya nyati ilimgusa. Alikuwa amesikia habari za nyati wa Usangu kwa madereva, akauliza kama huyu alikuwa na pembe pana vile. Akauliza hao miungu, wakati mwanamke anapigana usiku tisa, wao walikuwa wanafanya nini. Jamna akasema walikuwa wanatazama. Damari akacheka, cheko ambalo sisi majirani hatukuwa tumelizoea, akasema wanaume wa namna hiyo anawajua.

Kisha Jamna akafika kwenye chungu. Chungu ni tumbo la Mama, alisema. Taa inayowekwa ndani ndiyo uhai, na wanawake hukizunguka wakicheza, kwa sababu kila kilicho hai kilitoka humo. Damari aliacha kukanda. Akaona hakuna namna nyingine ila kusema.

“Mama, mimi sikukatalia dini. Kwetu chungu inatobolewa mtu akifa. Ya mtoto wangu nilitoboa mwenyewe.”

Mkono wa Jamna ulikwenda tumboni, ukakaa hapo. Damari alijuta papo hapo kwamba amesema, akawa anangoja mwenzake ainuke aondoke.

“Hata sisi,” Jamna akasema. “Mtu wetu akichomwa, mwanawe anabeba chungu ya maji begani, anazunguka, na wanaitoboa. Maji inatoka mpaka inaisha. Halafu anaivunja. Baba yangu alifanyiwa hivyo, niliambiwa.”

“Sasa mbona unataka hiyo hiyo?”

“Ile ni tundu moja, na maji inaisha. Hii ni matundu mengi, na ndani hakuna maji.”

Damari akalifikiria hilo. Yotamu, aliyekuwa mlangoni akijifanya anafunga mpini wa jembe, anasema mkewe aliligeuza jambo lile kama anavyogeuza chungu, akitafuta lilipopasuka, na hakupaona. Mwishowe akasema chungu atakifinyanga, ila kutoboa hatoboi. Atakayetoboa ni Jamna mwenyewe.

Siku iliyofuata chungu kilikuwa kimesimama, kibichi bado lakini kimeanza kushikamana, chembamba, cha mviringo, na shingo fupi. Damari alichonga unyasi mgumu akampa Jamna. Jamna hakuwa amewahi kutoboa kitu ila kitambaa. Tundu la kwanza lilikwenda upande, la pili likararua, na la tatu hakuthubutu, maana Damari alikuwa ameshamwambia analoliona yeye katika kila tundu. Damari alivumilia akashindwa. Akamnyang'anya unyasi, akaziba yale mawili kwa kidole kilicholowa, akaanza upya mwenyewe. Alitoboa taratibu, safu kwa safu, akikizungusha, midomo imekaza. Jamna alikaa karibu naye, akikishika kwa chini kisiyumbe, mpaka safu ya mwisho.

Kilichomwa kikatoka kizima. Siku ya kwanza ya sikukuu, giza lilipoanza kuingia, Damari alikwenda mpaka ua wa nyuma wa duka la Vallabhdas akasimama mlangoni, mikono kifuani, kuangalia kama kina ufa. Wanawake walikuwa wamevaa vizuri wanazunguka wakipiga makofi, Jamna ameketishwa kwenye kiti kwa ajili ya hali yake. Taa ilikuwa ndani. Mwanga ulipita katika kila tundu ukatawanyika kwenye kuta, kwenye nguo za wachezaji, na kwenye tumbo la Jamna. Damari alifinyanga vyungu tangu utoto na hakuwahi kutamani kitu kitoke ndani ya hata kimoja. Alifurahi. Yotamu anasema ilikuwa mara ya kwanza tangu Ikombe, na kwamba aliporudi nyumbani alikula chakula chote.

Jumapili iliyofuata Fanueli alilazimika kuyafuta maneno yake mbele ya watu wale wale, na hilo lilimuuma kuliko sanamu. Damari alitengwa na meza ya Bwana mpaka atakaposimama na kutubu chungu kile. Yeye aliipenda sana meza ile. Alikuwa anaosha kucha zake kwa mchanga tangu Jumamosi ili asipokee mkate na udongo. Sote tulidhani mwezi hautaisha kabla hajatubu. Mvua zikaja, Jamna akajifungua mtoto wa kike, mzima, akaitwa Ambika, na Damari akaendelea kukaa benchi la nyuma na waliotengwa.

Yotamu alimsihi. Fanueli alimtembelea mara kwa mara, na wachungaji walibadilika. Aliwajibu wote kwamba hajawa tayari. Wengi walimwona mkaidi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hatukujua analolilinda. Damari aliamini kwamba chungu kile kimekuwa cha uhai kwa sababu wao wawili walikubaliana kiwe hivyo, na siku atakapokikana mbele za watu kitarudi kuwa cha kaburi, na aliyemo ndani yake ni Ambika.

Mtoto akiwa ameshaanza kukimbia, surua iliingia mjini. Ambika akaugua. Kila asubuhi Damari alifika mlangoni kwa Vallabhdas, akauliza mtoto amelalaje, akajibiwa, akaenda zake. Alikonda kuliko mgonjwa. Juma hilo hilo Fanueli akaona ni wakati mzuri wa kumwambia kwamba Mungu huenda anaongea nasi kwa njia ya maradhi, afadhali atubu. Damari alimfukuza na mikono imejaa udongo, na alama ya vidole vyake ilibaki kwenye koti la Fanueli, koti la ibada. Ambika akapona. Damari hakwenda kuomba radhi kwa ajili ya koti.

Mwishoni mwa mwaka wa hamsini na nane Jamna alikuja na binti yake kununua chungu cha mtindi. Maji yakawekwa, jiwe likaangaliwa, na mtoto, aliyechoka kungoja, akafumbua kiganja chake kumwonyesha Damari jino. Lilikuwa limeng'oka asubuhi. Wenzake walimwambia linarushwa juu ya paa, na paa la kwao ni refu. Damari alilichukua, akaligeuza, akamwambia afumbue mdomo, akatazama pengo kwa muda mrefu mpaka mtoto akachoka kuachama. Kisha akatoka nje akalirusha kwenye paa lake mwenyewe. Chungu cha mtindi alikitoa bure, nami nilikuwepo, kwa hiyo naweza kuliapia jambo hilo lisiloaminika.

Jumapili iliyofuata alisimama kabla hajaitwa. Alisema alifinyanga chungu chenye matundu kwa ajili ya sikukuu ya Wahindi, na leo anakitubu, na kama kuna kingine wanachotaka akitubu, pamoja na koti, wakitaje. Fanueli, aliyekuwa amezeeka na kupungua maneno, alimuuliza kwa upole kwa nini imemchukua miaka yote hiyo.

“Mtoto ameng'oa jino,” Damari akasema.

Kanisa halikuelewa. Fanueli akamuuliza ni mtoto gani.

“Wa Jamna. Wangu hakufikisha kung'oa.”