Mkono wa Mtu Baki

Katika uzee wake mama yetu alikuwa na hofu moja, nayo ni kuoshwa na watu baki siku atakapokufa. Alikuwa na sababu. Bibi yetu, mama yake, alikufa ghafla wakati mama yuko Unguja, na waliomwosha walikuwa wanawake wa mtaa wa pili wasiojua kufunga midomo. Kabla ya hitima kusomwa, kijiji chetu kizima cha Gando kilikwishajua kwamba marehemu alikuwa na baka jeupe tumboni, jambo alilolificha miaka mingi hata kwa mkewenza. Mama alirudi akakuta watu wanampa pole huku wanaulizana habari za baka. Hakuwasamehe mpaka anaingia kaburini. Mimi na mdogo wangu alitukalisha ukumbini mara nyingi tukiwa wadogo na kutwambia maneno yale yale: "Mie nna wana wawili wa kike. Nyie ndo mtakaoniosha. Sitaki nkono wa ntu baki."

Mimi ni mkubwa kwa miaka kumi na minne. Baba alikufa mdogo wangu hajaanza chuo cha Kurani, kwa hiyo juzuu za mwanzo nilimsomesha mimi, na fimbo za mwanzo nilimpiga mimi. Kazi yangu ni ualimu wa skuli ya msingi. Nina hasira za karibu, na nikimchukia mtu hahitaji kuambiwa. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanitafutia udhuru ambao mimi mwenyewe sikuuona.

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne alipata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Chake, akaja kukaa kwangu Madungu. Alikuwa mtoto mwepesi kumlea: anaamka kabla sijamwamsha, anafua bila kuambiwa, hasemi sana. Katika mazoezi ya wodini akakutana na bibi mmoja wa Bara, mzee, hana jamaa kisiwani, macho yameingia ukungu. Bibi huyo alikuwa na Biblia ya Kiswahili asiyoweza tena kuisoma, akawa anamwomba mdogo wangu amsomee kurasa mbili tatu baada ya dawa. Akamsomea. Bibi alipotoka hospitali alikuwa keshamzoesha, na kitabu akamwachia.

Hayo yote sikuyajua mpaka siku aliponiambia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ninachambua mchele uani. Akaja akakaa kitako mbele yangu, akaanza kuniondolea chuya kwenye ungo, ndipo akasema kwamba kwa miezi saba amekuwa akienda kwenye kanisa la Kimethodisti, lile jengo la mabati wanakosali wauguzi na askari wa Bara. Alisema amejaribu kuacha kusoma na kuacha kwenda, mara mbili, na mara zote mbili alishindwa. Wanataka kumwingiza kwenye darasa la wanaojiandaa kubatizwa, lakini hajakubali bado.

"Mchungaji kanambia nisije kwa kujificha," alisema. "Kanambia kwanza nende kwa wakubwa wangu. Weye ndo nkubwa wangu."

Leo naweza kuliona lile neno "bado" lilivyokuwa limekaa palepale baina yetu, kwenye ungo. Alikuwa hajakata shauri. Alikuja kwangu na maswali aliyoyabeba miezi saba, na mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza, tangu alifu na bee. Sikumjibu hata moja. Nilisikia fedheha tu. Niliwaona wazazi wa wanafunzi wangu wanavyoniangalia, nikawasikia walimu wenzangu wanavyonyamaza ninapoingia ofisini. Nikamwambia kuanzia mchana ule atakula peke yake.

Asiyezoea kwetu hataona ukubwa wa jambo hilo. Sisi wanawake wa nyumba tunakula kwenye sinia moja, mkono wa huyu karibu na mkono wa yule, na mgeni akibisha hodi wakati wa chakula anavutwa kwa mkono akae. Hata wagomvi hula sinia moja, wakinuniana. Kumtoa mtu kwenye sinia, hali si mgonjwa, ni kumwambia kwamba mkono wake ni uchafu. Nilimnunulia sahani ya plastiki na kikombe, nikafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe wanangu wasije wakakikosea, nikaviweka dirishani mbali na vyombo vyetu. Alivikuta pale akavitazama, akaniuliza kama avioshe mwenyewe. Nikamwambia avioshe, na kwa maji yake. Nilifurahi kumwona anameza mate. Sikufurahi kwa ajili ya dini, nilifurahi tu, kama mtu anayekuna kipele.

Kisha nikampigia simu ami, ndugu wa baba. Akaja na wazee wawili, wakamkalisha mkekani, wakamtaka arejee kwenye Uislamu. Alisema hajatoka, anauliza. Alilisema neno hilo mara tatu, "nauliza", na kila mara ami alilikata kwa kumtajia atakachokosa: mirathi, mume, maziko. Ami si mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hasikii maswali. Mwisho alimwambia akiingia kanisani asikanyage tena Gando. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na ningeweza kuingia nikasema kwamba mtoto anauliza, ajibiwe. Nilikuwa mwalimu peke yangu katika nyumba ile. Nilinyamaza.

Mama nilimwambia kwa simu, na nilimwambia vibaya, kama mtu anayetupa mzigo. Nilidhani atalia. Aliuliza jambo moja tu.

"Basi nani ataniosha?"

Nikamwambia nipo mimi. Akasema mkono mmoja hauoshi.

Mdogo wangu alibatizwa miezi mitano baadaye. Habari nilizipata kwa muuza samaki, ambaye alinipimia dagaa huku ananipa hongera kwa sauti ya kusikika na wote. Nilirudi nyumbani nikazitia nguo zake kwenye gunia la mchele, nikaliweka barazani kwenye jua, na nilipomwona anakuja nikafunga mlango kwa ndani. Nilimsikia amesimama. Hakubisha. Akalibeba gunia kichwani akaenda kupanga chumba na muuguzi mwenzake. Kulikuwa na kijana mmoja wa Wete ambaye kwao walikwishaanza kuulizia posa. Niliwapelekea habari mwenyewe, kwa miguu yangu, wasije wakazipata kwa mwingine zikiwa zimepunguzwa.

Mwaka uliofuata mama akapigwa na kiharusi. Akalala upande mmoja, ulimi ukawa mzito, halafu ukanyamaza kabisa. Nilikwenda Gando kila Ijumaa na Jumamosi, na siku nyingine jirani alimwangalia. Nilishangaa kwamba mgongo wake haukufanya vidonda. Nilimsifu jirani, na jirani akapokea sifa huku anatazama chini. Siku moja tulifunga skuli mapema, nikafika Alhamisi, nikamkuta mdogo wangu chumbani, amemgeuza mama ubavu, anampaka mafuta mgongoni. Kumbe kila Alhamisi alikuwa akija kwa njia ya mashamba, ami asimwone, na kurudi kabla ya magharibi.

Sikupiga kelele. Nilimwambia taratibu kwamba mama ni mwislamu, anastahiki kufa mikononi mwa waislamu, na nikimkuta tena nitamwita ami. Alimfunika mama vizuri, akachukua mkoba wake. Mama alianza kukipiga kitanda kwa mkono ule mmoja ulio mzima, mara nne, mara tano. Nilijua anasema nini. Nilijifanya nanyoosha chandarua. Baada ya mwezi mgongo ukachubuka, na sikumsifu tena jirani.

Alikufa Jumatatu asubuhi, jua limekwishapanda. Wanawake wakajaa ukumbini, maji yakatiwa majani ya mkunazi, karafuu maiti ikasagwa. Muosha wetu, bibi wa makamo ya mama ambaye ameosha nusu ya mji, aliingia chumbani na mimi, pazia likashushwa. Ndipo nikamwona mdogo wangu kwenye upenyo wa pazia. Alikuwa amevaa baibui kama sote, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko, kucha amezikata. Kwa ami nadhani alipita akiwa tayari kwa lolote. Nikatoka, nikasimama baina yake na mlango.

"Bi muosha kasema maji yako hayatamtoharisha mama," nilimwambia. "Dini haikuruhusu."

"Kasema yeye?"

"Kasema yeye."

Akaikunjua mikono ya nguo, kwanza huu, kisha huu. Akaenda nyuma ya nyumba kwenye mafiga, wanawake wanakomenya vitunguu, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Mimi nikarudi ndani. Muosha akaniuliza yule mdogo yuko wapi, nikamwambia hakutaka. Uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Muosha hakumwuliza mtu mwingine, akayarudisha tena maji motoni yasipoe, akakaa, halafu baada ya muda akasema haya, bismillahi.

Ukapita mwaka na nusu. Msikitini kwetu wakaanzisha darsa la wanawake la kuosha na kukafini maiti, na msomeshaji akawa yule muosha. Nilikwenda na daftari langu, mwalimu mzima, nikakaa mbele. Alifika kwenye sharti za muoshaji. Akasema katika madhehebu yetu nia ya anayeosha si sharti, kinachotakiwa ni maji yaenee mwili, na kwamba hata akiosha asiyekuwa mwislamu wanavyuoni wetu wamesema inatosha, ingawa aliye bora ni wa dini yake. Mmoja akauliza, hata aliyetoka? Akajibu kwamba aliyetoka ana maneno yake na Mola wake, na wanavyuoni wana maneno yao, yeye anazungumzia maji. Kalamu yangu ilisimama.

Watu walipotoka nilibaki kumsaidia kukunja shuka za kufundishia. Aliniambia, bila ya ubaya wowote, kama mtu anayekumbuka jambo la zamani:

"Siku ya mamako nlimngoja yule nduguyo. Nliyarudisha maji motoni mara mbili. Singemkatalia, mwanangu, maana mamako keshaniusia kwamba anataka mikono ya wanawe. Lakini ukanambia hakutaka."

Nikasema ndiyo, Bi. Nikatoka. Wahenga walisema muosha huoshwa, na mimi nina watoto watatu, wote wanaume. Sina wa kunisimamia nyuma ya pazia ila mmoja. Sitajisingizia kwamba nilikwenda kwake kwa kumwonea huruma tu. Nilikwenda na hofu yangu pia.

Siku ya pili alasiri nikambishia hodi kwenye chumba chake. Alikuwa ametoka zamu. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani, na nikamweleza yote, neno kwa neno, niliyomwambia nje ya pazia na niliyomwambia muosha ndani. Nilimwona anavyobadilika uso. Muda wote ule alikuwa ameliamini neno langu. Alisema lilimuuma lakini alilikubali, kwa sababu mtu akihama nyumba hadai chumba, na dini ile aliihama mwenyewe. Nilikuwa nimekuja kutua mzigo wangu, na sasa nikaona nimemtwisha yeye, maana ile dini aliyokuwa akiistahi kwa kumkatalia haikumkatalia kamwe. Aliyemkatalia ni dada yake.

Nikazidi kusema. Nikamwambia nadhani hata huko kanisani nilimsukuma mimi, kwa ile sahani, kwa ami, kwa kutomjibu.

"Usijipe ukubwa huo, dada," alisema. "Mie nlikwenda kwa miguu yangu."

Nilimtaka radhi, akatikisa kichwa, sikujua ni ndiyo au siyo. Halafu akaniuliza: "Mama alisukwa na nani?"

Nywele za mwanamke aliyekufa husukwa mikia mitatu baada ya kuoshwa, zikatupwa nyuma. Mimi sijui kusuka, sikupata kujua, na vidole vya muosha vimekakamaa kwa uzee. Zile Alhamisi zote za ugonjwa, na miaka yote kabla yake, aliyemsuka mama alikuwa mdogo wangu. Nilimwambia ukweli, kwamba muosha alifunua pazia upande wa ukumbini akauliza ni nani anayejua kusuka, na mwanamke mmoja akanyanyuka akaja. Alikuwa amefika na watu wa Wambaa kwenye maziko.

"Nani?"

Nikasema simjui. Sikumwuliza jina, wala sijamwona tena.

"Wala humjui," alisema.

"Simjui."

Akasimama, akanifungulia mlango.