Ukanda wa Mlango wa Mama

Baba aliliuza gari lake ili mama apasuliwe, na mama akafa wiki tatu baada ya kupasuliwa. Hilo lingetosha kumvunja mtu, lakini yeye alipata la kushikilia. Mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa Loresho mwenye uwanja mkubwa na miti, naye aliahidi kulitunza. Basi miaka yote baba alikaa barazani kwetu, mtaa wa Jamhuri, akisema kwamba wawili hao, mmoja amekwenda lakini mwingine anatunzwa vizuri.

Lilikuwa gari la Kifaransa, rangi ya maziwa, la zamani hata siku baba alipolinunua. Kila mlango ulikuwa na ukanda mwembamba wa kromu. Baba alizichora kanda zote namba ya gari kwa ncha ya chuma, pale mwishoni ambapo mlango ukifungwa hapaonekani, akavichora na vioo. Watu wa Nairobi tunajua kwa nini. Usipochora namba utaegesha mjini, urudi ukute mtu amekupunguzia spea. Wengine humlipa fundi awachoree. Baba alikuwa karani maisha yake yote, na kwa mwandiko hakumwamini mtu mwingine.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Macho yalikuwa yameshachoka zamani. Siku moja baada ya swala ya alasiri akaniambia, "Mwanangu, nenda Loresho ukamwombe yule bwana. Nataka kukaa ndani mara moja tu. Kuendesha sitaki."

Nikaenda. Nyumba haikuwepo tena. Palikuwa na ghorofa na geti la umeme. Askari wa getini, mtu mzima aliyekuwa pale tangu enzi za yule bwana, alilikumbuka gari.

"Hiyo gari ilikaa hapo nyuma mpaka nyasi ikamea ndani, madam. Mzee alipokufa, watoto wake wakaita lori, ikabebwa."

Hakujua lilipelekwa wapi. Nikajiambia kwamba lori linaweza kupeleka gari kwa fundi pia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi njia.

Niliporudi nilimkuta baba amekaa karibu na mlango, amevaa kofia yake ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa. Nikamwambia gari lipo, ila linapakwa rangi, asubiri kidogo. Sijui neno hilo lilivyonitoka. Najua tu kwamba alicheka, na nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Uongo huo ukanipa kazi. Nilitafuta gari jingine la aina ile, nikalipata limekufa uani mwa watu, nikalipeleka kwa fundi mmoja karibu na uwanja wa maonyesho. Fundi alikuwa na mikono mizuri na maneno mengi. Siku nyingi baadaye akanipigia simu.

"Rangi tumemaliza, viti tumeshona. Imebaki kromu ya mlango ya mbele, upande ya kushoto. Hiyo ni ngumu. Hawatengenezi tena."

Nilimwuliza kama tunaweza kuacha, huku nikijua hatuwezi. Ule ulikuwa mlango wa mama. Kila alipomfungulia, baba alikuwa akipitisha mkono juu ya ule ukanda kwanza, kama anayefuta vumbi. Angejua hata akiwa amefumba macho.

Basi kila saa ya chakula cha mchana nilitoka ofisini, nikateremka hadi maduka ya spea ya Kirinyaga Road na viatu vyangu vya kazini. Wauzaji walinizoea. "Madam wa kromu amekuja," walisema, wakinitolea vyuma vya magari nisiyoyajua. Wiki ya tano mmoja wao akapanda ngazi, akashusha furushi lililofungwa kwa magazeti.

"Angalia hii. Lakini sijakuahidi kitu."

Ulikuwa ukanda wenyewe, urefu uleule. Nikaugeuza nitazame kutu, na mwishoni nikaona herufi, kisha namba, na ile saba ya baba yenye kistari kiunoni.

Nilikalia tairi. Nikamwuliza ulitoka wapi.

"Hiyo gari ilichinjwa kitambo. Zingine zote ziliuzwa, bodi ikaenda vyuma kuukuu. Hii ndiyo ilibaki. Madam, uko sawa?"

Sikuwa sawa. Nililia palepale, mbele ya watu wanaouza rejeta. Miaka yote nilikuwa nimechoshwa na gari lile, nikiona baba ni mkaidi tu. Sasa nilikuwa nimelishika mkononi lote lililosalia.

Fundi akaufunga. Jumamosi asubuhi nilileta gari hadi mlangoni kwetu, nikamshika baba mkono. Alilizunguka polepole. Akagusa kona ya kioo cha dereva, akagusa ya kioo cha nyuma. Vioo nilikuwa nimevisahau kabisa. Vilikuwa laini, havina namba. Alipofika kwenye mlango wa mama aliufungua, akapitisha kidole kwenye ncha ya ukanda, akaisoma namba.

"Ni huu tu?" akauliza.

"Ni huo tu, baba."

"Tangu lini?"

"Kitambo. Nisamehe."

Akaketi kwenye kiti cha mama, mikono juu ya mapaja.

"Nilidhani angalau hili nililiweka mahali pazuri," akasema.

Baada ya hapo aliniomba nimwite fundi aje aung'oe ule ukanda ampe.

Ulikaa kando ya mto wake miezi miwili. Kaburini hakwenda nao. Kwetu mtu huondoka na sanda tu. Sasa umo kabatini mwangu, nimeufunga katika leso ya mama.

Gari naliendesha mimi. Kila nikiegesha mjini hakosi mtu wa kunijia dirishani. "Madam, hapa kwa mlango kuna kromu imetoka. Nikutafutie?"

Namwambia ahsante, nilishaupata.