Kiziwi Asiyeponywa

Walisema sitoweza. Mtoto wa mchuma karafuu wa Gando aende Dar es Salaam, abebe mizigo, ajilipie ada mwenyewe, arudi na stashahada? Nikarudi nayo. Niliposema naandika riwaya ya vijana wa sekondari, wakacheka upya. "Stashahada ya uhasibu haitungi hadithi, bwana," alisema shemeji yangu. Nimeitunga.

Niliitunga kwa hasira. Dada yangu mkubwa ni kiziwi tangu utotoni, fundi cherehani hapa Wawi, na anasoma kuliko mimi. Riwaya alizoleta bintiye kutoka shuleni alizimaliza zote, kisha akanibwagia mapajani tatu zenye viziwi ndani, akabana pua kwa vidole. Zinanuka. Nikazisoma. Katika moja, kiziwi ni malaika, hakasiriki hata akipigwa. Katika ya pili, anasoma midomo ya mtu aliyempa mgongo! Katika ya tatu, ukurasa wa mwisho anasikia adhana, kijiji kizima kinalia.

Dada yangu si wa kuliliwa. Anagombana, anapandisha bei, anacheka mpaka anashika mbavu. Tabu yake ni sisi. Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka. Basi wateja walikuwa wakipiga hodi zao tatu, mlango wazi, yeye ndani anashona, na wanaondoka na vitambaa vyao. Kisha wanamsema arusini kwamba ana kiburi. Watu wazima, wanamjua ni kiziwi! Hilo nikaliweka kitabuni, nikampa msichana wa miaka kumi na saba mwenye mikono inayojua kutukana.

Mhariri mmoja wa bara niliyempelekea mswada akanipigia simu. "Kaka, kazi nzuri. Ila mwishoni apone."

"Apone nini?"

"Masikio. Vijana wanahitaji matumaini."

"Anayehitaji tiba ni wewe," nikamwambia, nikakata simu.

Nikachapisha mwenyewe. Nilikopa kwa shemeji yuleyule, kwa mwenye duka la madaftari, na kwa dada. Yeye alitoa kwa sharti moja: msichana asiponywe, wala asisingiziwe asichokiweza. Nakala zikaisha. Walimu walizifuata kutoka Micheweni.

Siku niliyowalipa wote, nilianza kwa shemeji, nikapita dukani, nikamalizia kwa dada. Alizihesabu pesa zake, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akafungua kitabu changu alipokunja ukurasa. Msichana yuko jikoni na mashangazi watatu, wote wanazungumza kwa pamoja, naye anafuata kila neno kwa kutazama midomo.

Dada akajigusa kifuani kwa kidole, akatikisa kichwa. Hata yeye hawezi hivyo. Akabana pua.

Nilitaka kubisha. Nina stashahada, nina kitabu, sidaiwi na mtu. Nikachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, nikaupiga ukurasa ule mstari kutoka juu mpaka chini.