Shubrati Mchota Maji wa Mlango wa Pepo

Shubrati Abbasi alizaliwa katika mji wa Ajmer, mtaa wa Andarkot, siku ya Nisfu Shaabani mwaka 1912, na jina alilipata kutokana na sikukuu hiyo, ambayo kwetu huitwa Shubrati. Ukoo wao ni wachota maji tangu enzi za mababu. Akiwa na miaka kumi na mitano alivikwa kiriba cha ngozi ya mbuzi, akaapishwa kwamba mwenye kiu hanyimwi.

Mwezi wa Rajabu mwaka 1939 mvua ilikuwa imegoma, na wageni wa Khwaja, walii aliyezikwa mjini petu, walifurika vilevile. Mlango wa Pepo, ulio penye kaburi lake, ulikuwa wazi kwa siku zile chache, na kila mtu alitaka kuupita mara saba, kwani tunaamini afanyaye hivyo huingia peponi. Shubrati naye alijipanga, kiriba begani. Alipokuwa anaingia mzunguko wa saba, mzee mmoja aliyeketi ukutani alimshika nguo. “Mwanangu, funda moja tu.” Shubrati akajibu, “Subiri kidogo, mzee, nimebakiza mmoja.” Alipita, akatoka anacheka kwa furaha, akafungua kiriba na kuinama. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyemjua jina wala kwao.

Tangu siku hiyo hakuukanyaga tena mlango ule. Kwa miaka arobaini, kila Rajabu, alitembea kando ya foleni akinywesha watu, na hakupokea hata paisa. Sisi vijana wa mtaa tulimfanyia mzaha, naona haya kuandika. “Ami Shubrati, pepo huitaki, au mlango utakubana kitambi?” nilimwambia siku moja mbele za watu. Akanijazia kikombe. “Kunywa, mpuuzi wewe, upite. Unazuia watu.” Wapo wanaosimulia kwamba kiriba chake hakikukauka kamwe. Mimi nilimwona akishuka bwawani kukijaza, mara thelathini kwa siku, wala sikumpokea mzigo hata mara moja.

Alifariki tarehe sita Rajabu, mwaka 1979, mlango ukiwa bado wazi. Asubuhi ile binti yake Kulsum alimsihi, “Abba, tukubebe kitandani, upite japo mara moja.” Akasema, “Nilishapita, mwanangu. Yule mzee ndiye aliyebaki nje.”

Kaburi lake halina kuba, na ni wachache wanaolizuru. Nawe utakayekuja Ajmer, ukitaka kumfuata, huna haja ya kwenda kaburini. Ukiwa katika mzunguko wa saba, mtu akikushika nguo, simama. Mimi nilizunguka saba zangu siku moja, miaka mingi iliyopita. Huwa najiuliza kama kuna aliyeniomba maji siku ile, na sikumbuki, kwa sababu nilikuwa nahesabu.